Rashwani Dahi na Mbwa wa Jirani

Mimi ni mpiga pasi, na kibanda changu kinatazamana na mlango wa Rashwani Dahi. Mlango unaofuata, mkono wa kulia, ni wa Thabiti Shazli. Nguo za nyumba zote mbili zimepita mikononi mwangu miaka mingi, na mtu akikuletea nguo zake hahitaji kukusimulia mengi. Najua nani kanenepa, nani anavuta sigara kwa siri, nani kamchosha mkewe mpaka hashonewi tena hata kifungo. Kwa hiyo nikisema Rashwani hakuwa mwendawazimu, niaminini. Alikuwa na akili zake timamu, mfumaji hodari kuliko wote waliobaki hapa Akhmim, mji wetu wa kale wa Misri ya Juu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini hata siku moja kwamba jambo limetokea bure.

Ukimsalimia kwa uchangamfu kuliko jana, atakaa akijiuliza unataka nini. Jirani akileta sahani ya maandazi siku ya Idi, atayageuzageuza. Mkewe, Nafusa, alishamzoea. "Baba Zahra," alikuwa akimwambia, "watu wengine husalimia kwa sababu Mungu kawapa midomo." Kisha anakwenda zake jikoni, naye mume anabaki akiifikiria ile salamu.

Kazi yake aliifanya chumba cha chini, kile kinachopakana na nyumba ya Thabiti. Mtambo wa kufumia ulikuwa wa mbao, wa babu yake, umesimama juu ya shimo dogo. Mfumaji anakaa ukingoni, miguu inakanyaga shimoni, mikono inarusha uzi na kuushindilia juu. Tak, tak, tak, tangu asubuhi mpaka alasiri. Sisi tuliokulia mtaani hapa sauti hiyo tulishaacha kuisikia. Nyumba ile na mtambo ule ndivyo alivyoachiwa na baba yake, hakuwa na kingine. Na ukuta baina yake na Thabiti ulikuwa mmoja, wa matofali ya udongo, umebeba nyumba mbili.

Thabiti alirudi kutoka Kuwait baada ya miaka ishirini na miwili ya kuendesha malori ya watu. Alirudi na kikohozi, na mtungi wa kupashia maji moto, na imani kwamba mtaa mzima umejaa wezi. Wiki ya pili akaenda Asyut akanunua mbwa, dume la rangi ya kahawia, akamfunga juu ya dari, paa bapa la nyumba yake. Akamwita Fahdi. Fahdi alibweka asubuhi, akabweka adhuhuri, akabweka watu wakiwa kwenye swala mpaka imamu akasahau ni rakaa ya ngapi. Wazee walipokwenda kumwambia Thabiti, aliwajibu kwa upole kabisa: "Sasa jamani, ningetaka mnyama wa kunyamaza si ningefuga sungura?"

Wengine tulilaani, tukazoea. Rashwani hakuzoea. Yeye alisikiliza.

Siku moja alikuja kibandani mikono nyuma, akasimama karibu kuliko kawaida yake.

"Binamu Kinawi," alisema, maana wanaume wa mtaa wetu tunaitana hivyo hata kama damu si moja, "unamsikia yule mbwa?"

"Nani asiyemsikia?"

"Sikuulizi kelele. Nakuuliza mpango. Nikikaa kazini, anabweka. Nikiinuka nikanywe maji, kimya. Nikirudi, anaanza. Mbwa gani huyo?"

"Mbwa mwenye masikio."

"Cheka tu. Haya niambie, mtu akitaka kuchimba chini ya nyumba yake na jirani asisikie, atafanya nini?"

Niliinua pasi kabla haijaunguza kola ya watu. Neno kuchimba halisemwi mlangoni hapa Akhmim. Chini yetu wamelala watu wa kale na masanamu yao, kila mtu anajua. Fundi anachimba choo anakuta goti la jiwe. Serikali ikisikia, inazungusha uzio, na mtaa mzima unahamishiwa kwenye maghorofa huko jangwani. Akikamatwa mchimbaji, anafungwa na wajukuu wanakua hawamjui. Kwa hiyo hakuna anayeripoti, na kila mtu anaangalia kwa jicho la pembeni jirani yake anamwaga udongo wapi.

"Punguza sauti," nilimwambia. "Umeona nini?"

"Alhamisi alikuja mtu mwenye ndevu na mkoba mweusi. Kapanda mpaka juu, kakaa huko kitambo, kashuka anafuta mikono. Yule ni shekhe kutoka Maghribi, wale wanaowasomea majini wanaolinda hazina mpaka yaachie."

"Yule ni daktari wa mifugo, Rashwani. Kaja kumchoma mbwa sindano. Mkoba wake una picha ya ng'ombe."

"Na wewe umejuaje kama ni sindano?"

"Nimemwona kwa macho yangu akimshika mbwa."

Akanitazama. "Ulikuwa unatazama huko unatafuta nini?"

Pale ningeachana naye. Lakini nilikuwa na jambo la kumwambia, na nililiona la kumsaidia. Kutoka kibandani kwangu dari ya Thabiti yote naiona. Mbwa yule alikuwa akilala kivulini kama mzee aliyeshiba. Mtambo wa Rashwani ukianza tu, tak tak tak, masikio yanasimama, anakimbilia ukingoni juu ya dirisha la mfumaji, anabweka kwa nguvu zake zote. Mtambo ukinyamaza anarudi kulala. Nilishaona hivyo mara zisizohesabika.

"Anaubwekea mtambo wako, binamu," nilimwambia. "Anadhani kuna mtu anagonga mlango. Basi."

Alifikiri. Nusura aniamini, niliona usoni pake. Kisha akasema, "Baba yangu alifuma chumba kile miaka hamsini. Mbwa wangapi walipita mtaani? Hakuna hata mmoja aliyedhani mlango unagongwa."

"Hao walizaliwa hapa. Huyu katoka Asyut."

"Thabiti ndiye aliyekwambia useme hivyo?"

Nilikasirika, nikamwambia aniondokee nina kazi. Akaondoka hatua mbili, akarudi. "Kanzu zake unazipiga pasi wewe. Zina udongo?"

"Pindoni zina vumbi kama kanzu yako."

"Vumbi la rangi gani?"

Nilimfukuza. Lakini nitasema kweli, ingawa inaniaibisha: Jumamosi mzigo wa nguo za Thabiti ulipoletwa, niligeuza mifuko yote nje. Nilikuta maganda ya mbegu za tikiti na kifungo kimoja. Hata hivyo, tangu siku ile, Thabiti akipita nilikuwa naangalia viatu vyake. Maneno ya Rashwani yalikuwa na tabia hiyo, unayacheka mchana na kabla ya alasiri umeshayafanyia kazi.

Siku chache baadaye aliniita kwake. Alikuwa ameweka bakuli la maji sakafuni, chini ya ukuta wa Thabiti, amepiga magoti mbele yake. "Tazama," alininong'oneza. Nilitazama. Maji yalitikisika, viduara vidogo vikaenda mpaka ukingoni.

"Trekta la vitunguu linapita hilo," Nafusa alisema kutoka mlangoni.

"Na kwa nini lipite saa hii?"

"Kwa sababu vitunguu vimevunwa, baba Zahra."

"Wewe hujui kitu," akamwambia, bila hasira, kama mtu anayemhurumia mwenzake. Halafu akanigeukia. "Anakuja huku, binamu. Kwake hakuna kitu, ndiyo maana anakuja huku. Atachukua kilicho chini ya sakafu ya baba yangu, kisha ukuta utaniangukia mimi, na watu watasema nyumba ilikuwa kuukuu."

Nafusa alinikonyeza nisijibu. Nikanywa chai nikaondoka.

Jumatatu iliyofuata mtambo ulinyamaza. Rashwani aliwaambia watu anabadilisha kamba za kukanyagia. Lakini saa ile ya baada ya adhuhuri, watu wameshakula wamelala na maduka yamefungwa, nilikuwa nimejinyoosha juu ya meza yangu nikasikia mlio mwingine kutoka chumba cha mfumaji. Haukuwa tak. Ulikuwa mzito, wa chuma na ardhi. Na juu ya dari Fahdi alikuwa amepagawa, anauvuta mnyororo, anabweka mpaka sauti inakatika. Thabiti alitoa kichwa dirishani, amevaa kofia ya kulalia, akamtukana mbwa, akarudi ndani.

Wiki ile Nafusa aliniletea kanzu mbili za mumewe. Zilikuwa zimefuliwa vizuri, Nafusa hafui ovyo. Lakini nilipogeuza mfuko, kwenye mshono wa ndani mlikuwa na udongo wa manjano, laini, wenye harufu ya maji yaliyokaa muda mrefu. Udongo huo huuokoti barabarani.

"Mama Zahra," nilisema, "kachimba kiasi gani?"

Akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Ameniapisha nisimwambie mtu. Kasema nikisema basi na mimi niko upande wao. Hata upande wenyewe siujui ni upi, Kinawi. Anaanzia lile shimo la miguu, anashuka. Anasema akishuka vya kutosha atakutana na njia ya Thabiti, amshike mkono mle mle chini. Nikimwambia mbwa anabwekea sululu yako anasema, umeona? Wanajua nimefika karibu."

"Na udongo anamwaga wapi?"

"Juu, kwenye chumba cha Zahra. Kimejaa mpaka dirishani." Zahra, binti yao, alikuwa ameolewa Girga. "Mzungumzie. Wewe bado anakusikiliza kidogo."

Nilikwenda. Mtambo alikuwa ameusogeza ukutani, nyuzi zimelegea. Shimo la babu yake la kuingiza miguu lilikuwa limekuwa kisima, ngazi imo ndani, na chini kabisa maji meusi yanameta. Rashwani alikuwa mwembamba, macho yamezama, ana furaha. Sijamwona na furaha kama ile hata siku ya harusi ya binti yake.

"Shuka usikilize," aliniambia. "Upande wa Thabiti panaitika kama chungu kitupu."

"Rashwani, maji hayo yanakula ukuta. Acha."

"Siku mbili tu. Na nikikuta kitu kabla yake," akanishika bega, "na wewe una fungu lako, binamu. Sitakusahau."

Nilikwenda pale nikiwa na maneno matano ya kumwambia. Nilitoka sijasema hata moja. Nilirudi kibandani nikawasha pasi, nikapiga nguo za watu Jumapili, Jumatatu na Jumanne, nikijua kilichoko nyuma ya ule mlango, nikiwaza lile fungu langu. Nilishaliona. Nilishalitumia. Sitafuti wa kunisamehe, nasema tu nilivyokuwa.

Jumatano baada ya adhuhuri Fahdi hakubweka, alilia. Kisha ukatoka mlio mmoja mfupi, na vumbi la manjano likamwagika kutoka dirisha la mfumaji mpaka kwenye nguo zangu. Nilivuka barabara mbio. Rashwani alikuwa hai. Alikuwa amekwenda jikoni kuomba kamba, na hiyo kamba ndiyo iliyompa umri. Ukuta ulikuwa umepasuka kutoka sakafuni mpaka juu, na katikati umeanguka wote. Mtambo wa babu yake ulikuwa umetumbukia shimoni kichwa chini, miguu juu, hariri ya kijani inaelea kwenye matope.

Na pale ulipokuwa ukuta, sasa tuliona jiko la Thabiti. Tuliona sufuria, tuliona mkewe Thabiti amesimama na mwiko mkononi hajui aufanye nini. Na tuliona sakafu yake yote, vigae vyekundu vya zamani vilivyowekwa na mama yake Thabiti, vimepangana, hakuna hata kimoja kilichowahi kuinuliwa. Watu wote waliojaa mlangoni waliiona ile sakafu. Rashwani aliiangalia kuliko wote. Nikasema moyoni, basi, leo yamekwisha.

Polisi walifika kabla vumbi halijatua. Afisa alikuwa kijana wa Kaskazini, mtaratibu, mwenye viatu safi. Alisogea ukingoni, akatazama chini, akatazama ngazi, akatazama sululu. Shimo kama lile katika mji kama huu lina jina moja tu.

"Hili ni la nani?" aliuliza.

Rashwani alifungua mdomo. Thabiti, amesimama jikoni kwake ng'ambo ya matofali yaliyoanguka, akamtangulia.

"Letu, afande. Letu sote wawili."

"La nini?"

"La choo. Mabomba ya mtaa huu yameziba tangu enzi za marehemu mama. Tukasema tuchimbe shimo moja nyumba mbili. Mimi ndiye niliyemwambia achimbe karibu na ukuta. Mwenzangu ni mfumaji, hajui mambo ya ujenzi. Lawama niandikie mimi."

"Choo, ndani ya chumba cha kazi?"

"Nyumba ni yake, afande. Mtu hukaa anapopenda."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na afisa mwenyewe akauma mdomo asicheke. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, kama ni kweli. Nikasema ni kweli, nimewasikia wakipanga. Akawauliza wengine wawili. Wakasema wamechoka na harufu ya mabomba. Akaandika choo, akamwandikia Thabiti kosa la kujenga bila kibali, akaondoka. Kesho yake mhandisi akaja akabandika karatasi: nyumba ya Rashwani haikaliki, watu watoke.

Jioni ile ile ya polisi nilimuuliza Thabiti. Nilitaka kujua, maana nisingefanya vile mimi. Alikuwa anajaza mchanga kwenye magunia kuzuia jiko lake lisianguke.

"Nilipokuwa Kuwait mama yangu aliugua miezi minane," alisema. "Nafusa ndiye aliyemwogesha, kila siku, mpaka mwisho. Sikuja hata kwenye mazishi. Sasa nimwache mumewe akafie jela kwa sababu ya mbwa?" Akakohoa. "Chumba cha mbele kwangu kitupu. Waambie wahamie. Mtambo tutautoa, fundi atautazama."

Nilikwenda kumwambia Rashwani nikiwa na haraka kama mtoto aliyetumwa habari njema. Alikuwa amekaa kwenye kiti ukingoni mwa shimo. Nafusa alikuwa anafunga magodoro.

"Kwa nini kadanganya?" Rashwani aliniuliza.

"Ili usifungwe."

"Mtu hamdanganyi polisi bure, Kinawi. Hata hakusita. Maneno yalitoka yamepangwa. Kwa nini alikuwa nayo tayari?"

"Umeiona sakafu yake. Wewe mwenyewe umeiona."

"Nimeiona. Vigae vimepangana vizuri mno kwa nyumba kuukuu." Akatingisha kichwa taratibu. "Anataka nitoke. Tukitoka sote, nani atabaki na shimo?"

Nafusa aliacha kufunga. Alimtazama mume aliyeishi naye miaka thelathini na minne, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rashwani, lile ni tope. Ni tope na maji, na mtambo wa babu yako. Mimi nakwenda kulala penye ukuta. Ukitaka mke wako, yuko mlango wa pili." Akabeba godoro lake kichwani akatoka. Alimngoja kizingitini kwa Thabiti kitambo kirefu, nikiwa nimemshikia taa. Hakutoka mtu.

Huu ni mwezi wa tano sasa. Mhandisi amerudi mara mbili, na mara zote Rashwani amejificha mpaka akaondoka. Mtambo umeoza mle shimoni, hakukubali mtu aushike. Fahdi siku hizi hana kazi, analala mchana kutwa, na imamu anasali salama.

Nafusa hupika kwa Thabiti, na mimi ndiye ninayepeleka chakula, kwa kuwa Rashwani hamfungulii mkewe mlango. Jana ilikuwa bamia na mkate wa jua. Nafusa anauumua mwenyewe asubuhi, anaupanga kwenye vibao vya udongo juani, na alikuwa ameufunga kwenye kitambaa usipoe. Rashwani alinifungulia mlango kiasi cha sahani kupita, kisha akabadili mawazo akaniingiza.

"Kapika nani?"

"Mkeo."

"Kapikia wapi?"

"Unajua anapopikia."

Akaweka sahani juu ya magoti yangu. "Onja kwanza."

Nilidhani ananitania. Nilimwangalia usoni, hakuwa na utani. Nikamega mkate, nikachovya, nikala. Ilikuwa bamia ya Nafusa, yenye kitunguu saumu kingi, ambayo anaipika hivyo kwa sababu mumewe anaipenda hivyo. Nilimwambia tamu, kula.

"Ngoja," alisema, akakaa ananitazama koo. Tulingoja mpaka mchuzi ukaganda mafuta juu. Ndipo akaivuta sahani akaanza kula.